Lovina Pruett na Kisima cha Kwanza cha Larrabee

Kitabu cha kaunti yetu kina kurasa mbili za mambo ya kwanza. Nyumba ya kwanza, harusi ya kwanza, posta ya kwanza iliyokuwa ndani ya sanduku la unga jikoni kwa mtu, kesi ya kwanza iliyosikilizwa kivulini mwa gari la maksai kwa sababu jengo la mahakama lilikuwa bado kamba na vigingi tu. Kisima cha kwanza kimepewa mistari miwili: kilichimbwa na Asahel Pruett na Gunder Tveit mwaka 1873, na maji yakapatikana futi mia na thelathini na nne. Hakuna uongo hapo. Lakini mimi nilikaa nyumba moja na mke wa Asahel miaka kumi na moja, nikiwa mkwewe, na huyo Gunder ni baba yangu mzazi. Kitabu hakijui ninayoyajua.

Jina lake Lovina. Alizaliwa Ohio, kwenye vilima vya makaa ya mawe, na baba yake alikuwa mchimbaji. Alipokuwa na miaka tisa, asubuhi moja, kengele ya mgodi ililia bila kukoma. Wanawake wakakimbia na watoto wakawafuata. Alikuta wanaume saba wamelazwa kwenye nyasi, mstari mmoja, hawana jeraha hata moja, kama watu waliopitiwa na usingizi. Baba yake alikuwa wa tano. Watatu ndio waliokumbwa na hewa mbaya. Wale wanne wengine walishuka kuwaokoa, mmoja akimfuata mwenzake, na hakuna aliyesimama kufikiri.

Mama yake alimwambia siku ya mazishi, "Hewa imewaua watatu. Hao wanne wameuawa na haraka."

Tangu siku hiyo Lovina aliogopa kila kitu kilicho chini ya ardhi. Hakuingia kwenye handaki la kuhifadhia viazi. Makaburini alipita mbali na shimo lililo wazi. Basi Mungu akampa mume aliyempeleka Nebraska, mahali pasipo na miti, ambako watu huishi ndani ya udongo.

Walifika Larrabee Aprili mwaka ule wa 1873. Asahel alikata mabonge ya udongo pamoja na nyasi zake, akajenga ukuta wa mbele. Ukuta wa nyuma ulikuwa kilima chenyewe. Nusu ya nyumba ilikuwa shimo. Mvua ikinyesha, matone ya matope yalidondoka mezani, na siku moja nyoka alining'inia darini juu ya sufuria ya maharage. Lovina aliweka kitanda karibu na mlango, akalala kichwa kikielekea nje. Asahel, mtu mkubwa, mwenye mabega kama ya fahali, alimcheka.

"Unangoja mgeni?"

"Nangoja paa lako lianguke."

Shida kubwa ilikuwa maji. Mto ulikuwa maili saba. Asahel alikwenda na maksai na pipa, akarudi jioni na pipa lililobaki robo tatu, robo nyingine imemwagika njiani. Maji ya kunywa yalipimwa kwa kikombe. Maji ya kuoshea vyombo yalifua nguo, kisha yakanywesha kuku. Kiangazi kilipokolea, siku moja Lovina alikunywa maji ya dimbwi ambamo nyati walikuwa wakigaagaa zamani, akaharisha wiki mbili hadi Asahel akafikiri atamzika.

Ndipo akaja baba yangu. Alikuwa Mnorwe wa miaka ishirini na mitatu, hana mke, amechukua ardhi maili mbili kaskazini mwao. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokotaokota, lakini alikuwa amechimba visima Wisconsin. Alimwambia Asahel, "Wewe una kamba. Mimi nina sururu. Tuchimbe kimoja kwako, halafu kimoja kwangu." Wakapeana mikono.

Walianza mwezi wa nane. Udongo wa kwetu ni mgumu wa kusimama, hauhitaji mbao kando, kwa hiyo shimo lilishuka limenyooka kama bomba la bunduki, upana wa mtu mmoja na sururu yake. Juu walisimika gogo la kukunjia kamba, lenye mkono wa kuzungushia kila upande. Baba alichimba chini, Asahel alivuta ndoo za udongo, Lovina alizipokea na kuzimwaga. Kila asubuhi kabla baba hajashuka, Lovina alisisitiza mshumaa utangulie ndani ya kopo. Ukiwaka hadi chini, mtu ashuke; ukizimika, pana hewa mbaya. Wanaume hao wawili walimvumilia.

"Bibi Pruett," baba alimwambia siku moja akiwa ameshapanda kwenye kitanzi cha kamba, "nikimkuta shetani huko chini nimwambie nini?"

"Mwambie akurudishe juu," Lovina alijibu bila kucheka.

Futi hamsini, udongo. Futi themanini, udongo. Kutoka mdomoni mwa kisima baba hakuonekana tena ila mwanga mdogo wa mshumaa. Lovina alisikia kishindo cha sururu kikipanda, kikawa hafifu zaidi kila siku, na kila siku tumbo lake lilimkaza. Tena tumbo hilo lilikuwa na habari nyingine ambayo hakuwa amemwambia mtu. Alikuwa na mimba ya miezi mitatu.

Siku yenyewe ilikuwa ya katikati ya Septemba, hakuna upepo, mawingu yamelala chini na hewa nzito kama blanketi lenye unyevu. Mshumaa wa asubuhi uliwaka. Baba akashuka futi tisini na nane, akachimba hadi karibu na adhuhuri. Ndoo tatu zilipanda. Ya nne haikupanda.

Asahel alitikisa kamba. Kimya.

"Gunder!" Akainama shimoni. "Gunder! Umelala?"

Kule chini hapakuwa na mwanga.

Asahel alivua koti, akaanza kuvuta kamba juu kwa mikono yote miwili ili apate kitanzi cha kukanyaga. Lovina aliniambia kwamba wakati ule aliona nyasi za Ohio, na mstari wa wanaume saba, na nafasi tupu ya wa nane. Kitanzi kilipotokeza, alikikalia. Alikaa juu yake kwa makalio, ukingoni mwa kisima.

"Ondoka, Lovina."

"Mshumaa kwanza."

"Mtu anakufa humo ndani!"

"Ukishuka hivyo watakufa wawili. Mshumaa kwanza!"

Asahel alimshika mkono amwondoe. Lovina akamng'ata. Asahel alikuwa na alama ile ya meno mpaka anazeeka, chini ya kidole gumba, na alipenda kuwaonyesha watu akisema ni farasi.

Wakashusha mshumaa. Futi sitini, unawaka. Futi sabini, mwali ukawa mdogo kama punje ya mtama. Kisha ukazimika.

Asahel alikaa chini kama mtu aliyepigwa rungu. "Sasa?"

Lovina alikimbia nyumbani, akarudi na mwavuli mweusi wa mama yake. Aliwahi kuwaona wachimbaji wakikoroga hewa kwa nguo iliyofungwa kambani. Akaufungua mwavuli, akaufunga mpini kwenye kamba, akaushusha. "Uinue. Ushushe. Usisimame." Asahel aliinua na kushusha, inua, shusha, mwavuli ukigonga kuta na kuchanika, huku akimtukana mkewe, na Mungu, na Nebraska. Lovina akaligeukia pipa. Lilikuwa na maji ya siku tatu, yaliyofika jana yake. Alichota ndoo baada ya ndoo na kuyamwaga yote ndani ya kisima, yavute hewa safi chini, hadi pipa likalia tupu.

Mshumaa wa pili ulifika chini. Uliwaka hafifu, lakini uliwaka.

"Nipishe nishuke," Asahel akasema.

"Nani atakuvuta?"

Akamtazama mkewe, mwembamba kama mpini wa jembe. Akautazama mwili wake mwenyewe. Walielewa wote wawili kwa pamoja, na Lovina alisema kwamba katika maisha yake hakuna kitu kilichomtisha kama kuona uso wa mumewe ukielewa.

"Hapana," Asahel akasema. "Hapana, mke wangu. Wewe hata handaki la viazi…"

"Nifunge kabla sijabadili mawazo."

Hakumwambia habari ya mimba. Angemwambia, asingemshusha.

Alishuka macho yamefumbwa, mshumaa mkononi, kamba ya pili imezungushwa begani. Alisikia harufu ya udongo mbichi, harufu ileile ya nguo za baba yake. Baridi ilianza miguuni ikapanda. Alipofumbua macho na kutazama juu, mbingu ilikuwa kipande kidogo cha kijivu kama kifungo cha shati, na kila alipopumua aliona hewa haitoshi, asijue kama ni hewa au ni woga. Punje za udongo zilimwangukia shingoni. Aliamini kila moja ni mwanzo wa kuporomoka.

Miguu ikagusa kitu laini. Ilikuwa paja la baba yangu.

Baba alikuwa ameketi ameegemea ukuta, kidevu kifuani, amelowa maji. Lovina alimtikisa. Alimpiga kofi. Hakujibu. Akamwekea mkono mdomoni, hakusikia pumzi, kwa kuwa mkono wenyewe ulikuwa umekufa ganzi. Hapo mwali wa mshumaa ukajikunja, ukageuka rangi ya samawati.

Hapa ndipo penye jambo lisilokuwamo kitabuni. Alama yao ilikuwa kutikisa kamba mara tatu: vuta. Kamba ya kumfungia baba ilikuwa bado begani mwake. Lovina alitikisa mara tatu.

Gogo juu likazunguka. Miguu yake ikaacha ardhi. Aliniambia, "Sikufikiri mtoto, sikufikiri Asahel. Ragna, usiniongezee heshima. Nilifikiri tu: juu, juu, juu."

Alikuwa amepanda futi kumi hivi aliposikia chini yake sauti. Ilikuwa mkoromo. Mkoromo mbaya, wa mtu anayevuta pumzi kupitia matope. Mtu aliyekufa hakoromi.

"Asahel!" akapiga kelele. "Simama! Nishushe!"

Sauti ya mumewe ilikuja kutoka mbali. "Umemfunga?"

"Fundo limelegea! Nishushe!"

Akashushwa. Safari hii alifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Alipitisha kamba kwapani mwa baba, akafunga kifuani, akafunga tena. Kisha akajifungua kitanzi chake mwenyewe, kwa sababu lile gogo la juu halikuweza watu wawili, akamfunga baba kwenye kamba kuu, akatikisa mara tatu. Miguu ya baba ilimpita usoni. Na yeye akabaki.

Alikumbuka kwamba hewa mbaya hulala chini. Akapindua ndoo ya udongo, akasimama juu yake, akainua pua kama ng'ombe anayevuka mto. Mwili wa baba ulipokuwa ukipanda uligonga kuta, na udongo ukamwagika kichwani pake, ukaingia machoni, ukaingia kinywani. Mwili ule uliziba kifungo cha mbingu. Giza likawa kamili ila kwa mwali wa samawati, nao ukapepesuka mara mbili, ukafa. Kichwa kilimgonga kama nyundo. Alijikojolea. Alianza kutaja majina ya wale wanaume saba wa Ohio, mmoja mmoja, na alipofika kwa wa saba akarudia mwanzo, maana hakutaka kufika kwa wa nane.

Kamba ilipomgusa usoni alidhani ni nyoka.

Alipotoka nje, Asahel ilimbidi amchambue vidole kimoja kimoja kutoka kwenye kamba. Baba alikuwa amelala kifudifudi, anatapika, anazungumza Kinorwe. Alitaka maji. Hapakuwa na tone la maji katika Kaunti yote ya Larrabee upande huu wa mto. Wakampa kahawa baridi iliyobaki ya asubuhi, Asahel akafunga maksai mchana uleule kwenda maili saba na pipa tupu, na wale wawili wakabaki wameketi nyasini hadi aliporudi.

Baada ya wiki mbili baba alishuka tena. Lovina alimwambia ni mwendawazimu. Akasema, "Mimi nimeshalipia nusu ya maji, Bibi Pruett, siwezi kuacha nusu nyingine." Futi mia na thelathini na nne alipiga changarawe, na maji yakamfika magotini kabla hajavutwa. Watu walikuja na mapipa kutoka pande zote, na ndiyo sababu mji ulijengwa pale ulipo. Machi iliyofuata akazaliwa Alden, mtoto wa kwanza wa kaunti, ambaye sasa ni mume wangu. Nikihesabu, baba yangu na mume wangu walikuwa ndani ya shimo lile pamoja, kwa kamba moja. Nikilifikiria usiku sipati usingizi.

Lovina alikunywa maji ya kisima kile kama watu wengine, ila hakuwahi kuyachota. Na baba yangu akawa adhabu yake. Kila Krismasi alileta siagi na samaki mkavu. Kila harusi, kila ubatizo, alisimama na kusema, "Mimi nipo hai kwa ajili ya mama huyu," na watu wakapiga makofi, na Lovina akatazama mikono yake. Watu walisema ana unyenyekevu. Nilipoolewa mwaka 1897, Asahel akiwa ameshafariki, niligundua kwamba siku baba anapokuja mama mkwe wangu hali chakula.

Mwaka 1902 wakubwa wa kaunti walitaka kuandika kitabu. Walimtuma Bwana Eustace Whitlow, karani mstaafu mwenye ndevu za mbuzi, na baba akaja naye, amevaa koti la kanisani. Mimi nilikuwa namenya tufaha.

"Andika," baba akamwambia. "Shujaa wa kwanza wa Larrabee. Mwanamke. Lovina Pruett."

"Usiandike," Lovina akasema.

"Bibi Pruett, historia inahitaji…" Bwana Whitlow akaanza.

"Nimesema usiandike!" Alisimama, kiti kikaanguka. Uso ulikuwa mweupe kama unga. Akamgeukia baba. "Gunder. Nilikuacha. Nilitikisa kamba nikaondoka. Sikukufunga. Fundo halikulegea, nilisema uongo. Nilikuacha ufe, nikapanda."

Kisu kilikuwa kimenikata na sikujua. Nilimwogopa baba, nikamwogopea Lovina.

Baba aliikunja kofia yake. "Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Sikuweza kusogeza hata kidole, lakini masikio yalikuwepo. Nilisikia viatu vyako vinaondoka. Nikasema, basi, Gunder, kwisha. Halafu nikavisikia vinarudi." Akainua mabega. "Mimi siku zote nasimulia vilivyorudi."

"Miaka ishirini na tisa!" Lovina alichukua kitambaa cha vyombo akampiga nacho kichwani. "Miaka ishirini na tisa umeniacha nacho peke yangu! Mpumbavu wewe! Mnorwe mpumbavu! Samaki wako! Na hotuba zako!" Akampiga tena na tena, mpaka nguvu zikamwishia, akaketi sakafuni na kulia kwa sauti ambayo sijaisikia kwa mtu mzima. Baba naye akaketi sakafuni, na koti lake la kanisani.

Bwana Whitlow alishika penseli yake. "Sasa… niandike nini?"

"Andika futi mia na thelathini na nne," Lovina akasema, akipenga kamasi.

Hiyo ndiyo mistari miwili mnayoisoma.

Msidhani hofu ilimtoka. Juni mwaka 1905 mbingu iligeuka kijani mchana, na kimbunga kikaonekana upande wa kusini-magharibi kikija juu ya mahindi. Alden aliwabeba watoto, tukaelekea kwenye handaki lililo chini ya sakafu ya jikoni. Lovina aligoma. Alishika mguu wa meza kwa mikono yote miwili, akasema afie juu. Alden alitaka kumvuta kwa nguvu. Baba, aliyekuwa amekuja na siagi, akamzuia.

"Funga mlango wa handaki," akamwambia. "Mimi nakaa na mama yako."

Tulikaa gizani, watoto wananing'inia shingoni mwangu. Kishindo kilikuja kama treni inayopita juu ya paa, na ardhi yenyewe ikatetemeka. Juu yetu nilisikia vyombo vikivunjika, kisha sauti ya baba, anapiga kelele Kinorwe na Kiingereza pamoja, na sauti ya Lovina inapiga kelele zaidi yake. Halafu kimya. Alden hakuthubutu kuinua mlango. Niliusukuma mimi.

Nusu ya paa ilikuwa imekwenda. Mvua ilinyesha juu ya jiko. Walikuwa wamejikunja chini ya meza, wazee wawili, nywele zimejaa vipande vya vioo, na baba alikuwa anatokwa damu sikioni. Lovina alikuwa amemshika kwa ukosi wa shati kwa nguvu hivi kwamba vifungo vilikuwa vimekatika.

"Kimeondoka?" akaniuliza.

"Kimeondoka, Mama."

"Una hakika? Nenda katazame tena."

Nikaenda nikatazama tena.